Kutoka kijiweni hadi kwenye kamusi: jinsi ya kuandaa faili la neno la mtaani

Wanakamusi hawalipokei neno kwa sababu limevuma. Wanalipokea kwa sababu kuna ushahidi: nani kalitumia, wapi, lini, katika sentensi gani, na linabadilikaje likishaingia kwenye sarufi ya Kiswahili. Maneno mengi ya Dar es Salaam yanapotea bila hata kukataliwa na mtu. Yanapotea kwa sababu hakuna aliyeyawekea kumbukumbu. Anayetaka "chawa" (mtu anayejipendekeza), "mkeka" (orodha ya kubeti au ya uteuzi) au "kausha damu" (mkopo wa kunyonya) yakutwe kwenye kamusi na wajukuu zetu, yakiwa na maana yake kamili, ana kazi moja ya kufanya, nayo ni kuandaa faili la neno. Mwalimu wa Kiswahili anaiweza, mwanafunzi wa isimu anaiweza, mtangazaji anaiweza. Vifaa ni daftari, simu na uvumilivu wa miaka miwili hivi.

Anza na kamusi zilizopo

Kabla ya kusema neno ni jipya, lisake kwenye kamusi tatu. Ya kwanza ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoka 1981 chini ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), ikarudiwa 2004, na toleo la tatu likatoka 2013 baada ya taasisi hiyo kuwa TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili). Ya pili ni Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa), ya 2015. Ya tatu ni Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar), la 2010. Tumia toleo jipya kabisa unaloweza kulipata. Wengi hufungua nakala ya zamani iliyobaki shuleni, wakashangaa "hawajaliweka" neno ambalo limeshawekwa.

Ukilikuta neno, usifunge kamusi hapo hapo. Soma maana zote. Chukua "zingua": Kiswahili cha siku zote kinalo, kwa maana ya kumwondolea mtu uchawi au pepo. Anayesema "konda amenizingua" hajatumia neno jipya. Katumia neno la zamani kwa maana mpya, ya kumkera mtu au kumharibia mambo. Faili lake ni la kuongeza maana chini ya kidahizo (neno linaloelezwa kwenye kamusi) kilichopo, na ndilo faili rahisi kupita kuliko yote, kwa kuwa tahajia, ngeli na minyambuliko tayari vinajulikana. "Mwendokasi" ni jambo jingine. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi jijini 2016, jina rasmi lilikuwa refu mno kwa mtu anayekimbilia foleni Kimara, na watu wakachukua neno fupi. Hapo unathibitisha kwamba neno lililokuwa la mwendo sasa ni jina la gari, na hata la mfumo mzima wa usafiri.

Kwa hiyo juu ya faili andika moja kati ya haya matatu: neno jipya, maana mpya ya neno la zamani, au msemo. Kosa la hapa linaharibu kila kinachofuata.

Kadi ya neno

Kila mara neno linaposikika au kusomwa, jaza kadi moja. Ndiyo, moja kwa kila tukio. Kadi ina mambo saba: neno lilivyotamkwa au kuandikwa, sentensi nzima, mazingira (yaani sentensi iliyotangulia na iliyofuata kama zipo, au kilichokuwa kikiendelea), tarehe, mahali, msemaji ni wa aina gani, na chanzo. Mfano:

Neno: deiwaka
Sentensi: "Konda mwenyewe hayupo leo, huyu deiwaka tu, hata vituo havijui."
Mazingira: abiria wanabishana juu ya chenji
Tarehe: siku, mwezi na mwaka kamili
Mahali: ndani ya daladala, Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo
Msemaji: mwanamke, makamo, mfanyabiashara
Chanzo: limesikika, halikurekodiwa

Sentensi nzima ndiyo roho ya kadi. "Deiwaka = kibarua" si ushahidi, ni maoni yako. Ila sentensi hiyo hapo juu inaonyesha kwamba deiwaka ni mtu anayeshika nafasi ya mwingine kwa muda, kwamba kwenye daladala neno linaweza kubeba dharau kidogo, na kwamba linatumiwa hata na watu wasio vijana. Haya yote yamo kwenye maneno machache ya abiria.

Jina la msemaji usiliandike. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata bila sheria hiyo kumrekodi mtu kimya kimya ni kumvunjia heshima. Jinsia, umri wa kukadiria na kazi vinatosha. Ukitaka sauti, omba ruhusa kwanza, rekodi, kisha jiandae kuzitupa dakika za mwanzo ambazo watu huongea kama wako mbele ya kipaza sauti.

Kanuni tunayoipendekeza: kadi zisizopungua 15, kutoka vyanzo vya aina tatu tofauti, na kati ya kadi ya kwanza na ya mwisho ipite miezi 24. Sababu ya idadi ni kukwepa neno la kundi moja la marafiki. Sababu ya aina tatu ni kukwepa neno linaloishi kwenye wimbo mmoja tu. Msanii ana haki ya kubuni neno, lakini mpaka wauza chipsi nao walitumie bila kumtaja yeye, bado ni lake. Sababu ya miezi 24 iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuona neno likitawala jiji zima kipindi cha sikukuu na kusahaulika kabla ya mvua za masika.

Wapi pa kusikilizia

Vituo vya daladala, vijiwe vya bodaboda na bajaji, Kariakoo, saluni, vibanda vya kuonyeshea mpira, ngoma za singeli uswahilini. Changanya maeneo. Faili la kadi 15 zote za Sinza linathibitisha neno la Sinza, basi. Mtu wa Mbagala, wa Masaki na wa Gongo la Mboto wakilitumia kwa maana ile ile, sasa ni la jiji. Halafu liulizie kwa watu wa Mwanza, Mbeya na Unguja. Wasipolijua haliharibiki chochote, ila lebo ya mahali lazima iandikwe.

Maandishi yana uzito wa pekee kwa sababu yana tarehe isiyobishaniwa. Magazeti ya michezo na ya udaku hulishika neno la mtaani mapema. Magazeti ya habari kama Mwananchi na Nipashe hulishika baadaye, mara nyingi likiwa ndani ya alama za kunukuu. Alama hizo ziandike kwenye kadi, kwa sababu siku gazeti linapoziacha, mwandishi amekubali kwamba msomaji hahitaji tena kuombwa radhi kwa neno hilo. Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge nazo ni hazina. Mbunge akiongea kwa uchungu huacha lugha ya ofisini, na maneno yake yanaandikwa kama yalivyo. "Mikopo kausha damu" ilianza kama kilio cha akina mama waliokuwa wakinyang'anywa makochi kwa madeni madogo, na leo viongozi wa serikali wanaitamka jukwaani. Kwa magazeti ya zamani, nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, au sehemu ya East Africana ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Omba kwa mwaka na mwezi. Ukisema "magazeti ya zamani" utazungushwa.

Kutafuta mtandaoni bila kudanganyika

Hapa ndipo mafaili mengi yanapoharibika, kwa sababu ya Kiswahili chenyewe. Mitambo ya kutafuta hulinganisha neno zima zaidi kuliko mzizi, na kitenzi chetu hubeba viambishi mbele na nyuma. Ukiandika "zingua" peke yake utapata sehemu ndogo tu ya matumizi. Tafuta pia kuzingua, anazingua, umezingua, amenizingua, wanazingua, msizingue, tumezinguana, nimezinguliwa, mzinguaji. Kama umeshusha matini kwenye kompyuta, tafuta mzizi "zingu" kisha pitia kwa macho na kuondoa yasiyohusika, kama vile "mzunguko" yaliyoandikwa vibaya.

Kwa nomino tatizo linageuka: unapata mengi kupita kiasi. Ukitafuta "mkeka" utapewa wauzaji wa mikeka wa nchi nzima. Tafuta neno pamoja na jirani zake. Mkeka wa kubeti una vitenzi vyake: unasukwa, unatiki (ukishinda), unachanika (ukishindwa). Mtu anasuka mkeka wa timu kumi, tisa zinashinda, moja inatoa sare, naye anasema timu hiyo imemchania mkeka. Mkeka wa uteuzi una kitenzi kingine kabisa: unatoka. "Mkeka umetoka" maana yake orodha ya wakuu wa wilaya au wakurugenzi wapya imetangazwa, na jirani zake ni majina ya vyeo na neno "usiku". Hakuna anayesema mkeka wa wakuu wa wilaya umechanika. Tofauti hiyo ya vitenzi ndiyo inayokupa haki ya kuandika maana mbili badala ya moja, maana mwanakamusi atauliza tu: kwa nini usiseme "orodha" ukamaliza? Jibu liko kwenye kadi zako. Usipokuwa nalo, atakuunganishia maana hizo, na atakuwa sahihi.

Tofautisha pia neno na mtindo wa kuandika. Kuna kipindi vijana waliandika "xaxa" wakimaanisha "sasa", na "cjui" wakimaanisha "sijui". Hayo si maneno mapya. Ni herufi tu, hayaingii kwenye faili.

Ngeli kwanza, halafu mengine

Neno lililopata ngeli limepata uraia. Kusanya kadi zinazoonyesha umoja, wingi, kivumishi cha kumiliki na kiwakilishi. Kwa "chawa" mwenye maana ya mtu anayejipendekeza kwa mwenye fedha au madaraka, maswali ni manne. Wingi ni chawa au machawa? Ni "chawa wake" au "chawa yake"? Kwa wengi ni "chawa wake" au "chawa zake"? Na kitendo chenyewe ni uchawa? Mdudu tunayemjua ana umoja na wingi wa sura moja. Kama kadi zako zinaonyesha watu wanasema "machawa" kwa binadamu lakini hawasemi hivyo kwa wadudu, umegundua jambo kubwa: maana mpya imeanza kujitenga na ya zamani hata kwenye umbo. "Uchawa" nao ni ushahidi mzito. Neno likishazaa nomino ya dhahania ya ngeli ya u-, limeota mizizi.

Usiamue kwa sikio lako kipi ni sahihi. Andika yote mawili na idadi ya kadi kwa kila moja. Wasomi wa Kiswahili tuna tabia ya kusahihisha tunaponukuu, na kadi iliyosahihishwa haina thamani tena.

Kwa vitenzi, jaza minyambuliko iliyosikika tu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu huiandika kwa vifupisho: tde kwa tendea, tdk kwa tendeka, tdn kwa tendana, tds kwa tendesha, tdw kwa tendwa. Kishawishi ni kuijaza yote mitano kwa kuwa sarufi inaruhusu. Usifanye hivyo. "Kubeti" ina "kubetia" kwa uhakika, kila mtu anasema "hela ya kubetia"; "kubetiana" mpaka uisikie. Kumbuka pia kwamba "beti" tayari ni wingi wa "ubeti" wa shairi, kwa hiyo kitenzi hiki kitahitaji kidahizo chake cha peke yake.

Hali hiyo inazaa swali la maneno yanayofanana. "Buku" ni kitabu kikubwa, ni panya mkubwa, na mjini ni shilingi 1,000. Maana hizo hazina undugu unaoonekana, hivyo huandikwa kama vidahizo tofauti vyenye namba. Mkeka wa kubeti na mkeka wa kulalia una undugu, kwani vyote vinasukwa na vyote vinachanika. Hivyo hubaki chini ya kidahizo kimoja. Ukiandika faili la "buku", weka na namna linavyohesabika: buku mbili ni 2,000, buku jero ni 1,500, kwa sababu jero ni 500. Kamusi isiyoonyesha hilo haitamsaidia mgeni kununua hata maji ya chupa.

Tahajia

Chagua umbo moja la kidahizo, mengine yaandike kama maumbo mbadala. Kwa neno la kukopa, umbo linalofuata silabi za Kiswahili ndilo la mbele: freshi kabla ya umbo lisilo na irabu mwishoni, deiwaka kwa neno moja kabla ya "dei waka". Ila hesabu kadi za maumbo yote kama ushahidi wa neno moja, la sivyo utajikuta na mafaili matatu dhaifu badala ya moja lenye nguvu. Msemo kama "kausha damu" uombee kidahizo chake kamili, kisha weka rejeo chini ya "mkopo". Mtafutaji hataanzia kwenye "kausha".

Asili ya neno

Kila mtu Dar ana hadithi ya asili ya kila neno, na nyingi ni nzuri kuliko ukweli. Ile ya daladala, kwamba nauli ilikuwa sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala, inakubalika sana. Msimbazi kwa noti ya 10,000 inaeleweka haraka: noti ni nyekundu, na Mtaa wa Msimbazi pale Kariakoo ndipo nyumbani kwa Simba, Wekundu wa Msimbazi. Bado, kinachotakiwa ni andiko la zamani lenye tarehe. Kama huna, andika lugha ya asili tu, kwa mfano Kng kwa Kiingereza au Kar kwa Kiarabu, au acha wazi. Asili ya kubuni ikishachapwa, inanukuliwa miaka na miaka na hakuna anayeiondoa.

Kuandika fasili na lebo

Fasili iandikwe kwa maneno mepesi kuliko neno lenyewe, na isitumie neno la mtaani kuelezea neno la mtaani. "Mchongo: dili" haimsaidii asiyejua yote mawili. Jaribio ni kuitia fasili ndani ya sentensi ya kadi badala ya neno. Sentensi ikisimama, fasili inafaa; ikiyumba, rudia. Hivi ndivyo kitomeo, yaani kidahizo pamoja na maelezo yake yote, kinavyoweza kuonekana (nm ni nomino, mi- ni kiambishi cha wingi, u-/i- ni ngeli):

mkeka nm mi- [u-/i-] 1. tandiko la kukalia au kulalia linalosukwa kwa ukindu au miyaa. 2. (mtaani) orodha ya matokeo ya michezo ambayo mtu ameyabashiri kwa pamoja katika tiketi moja ya kamari: Timu moja imemchania mkeka. 3. (mtaani, habari) orodha ya watu walioteuliwa kushika vyeo, hasa serikalini: Mkeka wa wakuu wa wilaya umetoka.

Lebo ni suala la heshima kwa msomaji. Kijana anayejiandaa kwa usaili wa kazi anahitaji kuambiwa kwamba "mshikaji" ni la mazungumzo, "demu" linaweza kumkera mwanamke, na jingine ni tusi kabisa. Tumia lebo chache zinazoeleweka: mtaani, mazungumzo, dharau, tusi, pamoja na lebo ya mahali. Maneno ya matusi nayo yana haki ya faili. Kamusi inayoyaficha inamwacha asiyeyajua ayatamke mbele ya wakwe.

Lebo hubadilika. "Kibaka" na "daladala" yalikuwa ya mtaani; leo yako kwenye kamusi na kwenye taarifa ya habari. Ukiona kadi zako nyingi ni za magazeti yasiyoweka alama za kunukuu, pendekeza lebo iondolewe, na useme kwa nini.

Kuwasilisha

Faili zuri halizidi kurasa nne: barua ya utangulizi ya ukurasa mmoja, kitomeo unachopendekeza, na jedwali la kadi zilizopangwa kwa tarehe kuanzia ya zamani. Kadi ya zamani kuliko zote iwe na picha ya ukurasa wa gazeti, jina la gazeti na tarehe vionekane. Peleka TATAKI, Mlimani, au BAKITA, ambalo lilianzishwa kwa sheria ya 1967 na ndilo lenye mamlaka ya kusanifu. Toa nakala mbili na uombe moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno matano yenye ushahidi yana nafasi kubwa kuliko orodha ya maneno mia mbili yenye maana pembeni. Orodha za namna hiyo hupokelewa kwa shukrani na kubaki kabatini.

Usitegemee jibu la wiki ijayo. Kati ya toleo la kwanza na la pili la Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipita miaka 23, na kati ya la pili na la tatu miaka 9. Faili liandikwe kwa namna ambayo mhariri asiyekujua atalielewa bila kukupigia simu. Kila baada ya miezi sita ongeza kadi mbili tatu. Zikikosekana kwa mwaka mzima, neno linakufa. Andika kwenye faili tarehe ya kadi ya mwisho na ulihifadhi hivyo hivyo, kwa kuwa nyimbo na magazeti yaliyolitumia bado yatasomwa, na msomaji wake atahitaji mahali pa kuuliza.